Ngariba Aliyeuliza Habari za Wajomba

Mtaani kwetu Shika Adabu, mtoto wa kiume akikataa kulala hakutishwa kwa zimwi wala kwa askari. Alitajiwa Ngariba, basi, akajifunika shuka mwenyewe. Mimi nilikuwa msichana na mambo yale hayakunihusu, lakini nilimwogopa vilevile. Na sioni haya kusema kwamba hata leo, mimi mama wa mtu, nikimwona anakunja kona ya msikiti narudi nyuma hatua moja. Sababu za kumwogopa zimebadilika mara kadhaa katika maisha yangu. Woga wenyewe haujaondoka.

Kwa kumtazama tu hakuwa na la kutisha. Mfupi, msafi kupita kiasi, kanzu imepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama, ananukia udi uliochanganyika na spiriti ya zahanati, maana huko ndiko alikofanya kazi ya kusafisha vidonda mpaka alipostaafu. Vifaa vyake alivibeba katika mkoba wa shule wa rangi ya waridi, una picha ya paka, aliouacha mjukuu wake alipomaliza chekechea. Vijana wa maskani walimcheka kwa mkoba ule. Yeye aliwajibu kwamba una zipu nzuri, na kwamba mtoto akiuona hawezi kudhani ndani mna wembe. Alikuwa mtu wa maringo pia, tusimpambe. Ukimsifu ngariba mwingine mbele yake, wa Mtongwe kwa mfano, alikuuliza kwa upole kama yule bwana siku hizi ameanza kuona vizuri.

Kazini alikuwa na sheria zake. Aliosha mikono mpaka viwikoni, na akawalazimisha wote waliosimama karibu waoshe pia, hata wale ambao kazi yao ilikuwa kutazama. Hakutaka vigelegele kabla hajamaliza. Wanawake waliokuja na vigelegele vyao tayari mdomoni walivimeza, wakakaa uani kimya kama wako matangani, mpaka atokee mlangoni na kusema haya, shangilieni. Akina baba aliwasumbua kuliko watoto. Aliwaambia mapema kwamba atakayezimia atarukwa, kwa sababu yeye ana mgonjwa mmoja tu. Na kwa mtoto mwenyewe alikuwa na sauti nyingine kabisa. Wakubwa kidogo aliwauliza habari za mpira, timu gani, nani kafunga, na kabla mtoto hajamaliza kujibu mambo yalikuwa yamekwisha.

Lakini mtu huyohuyo hakuweza kutazama kuku akichinjwa. Siku ya Idi ya kuchinja alijifungia ndani na redio yake mpaka nyama iwe jikoni. Mara moja jirani alichinja jogoo pale pale njiani, na Ngariba aliyekuwa akipita aliketi chini mchangani na kanzu yake nyeupe, uso umempauka. Tulimcheka sana siku ile. Watu wakasema labda ameiona damu mpaka imemkinaisha. Ilikuwa kichekesho cha mtaa kwa muda mrefu, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliokisimulia.

Kichekesho kingine kilikuwa maswali yake. Kwetu, katika nyumba nyingi, mtoto anapotahiriwa hupakatwa na mjomba wake. Mjomba ndiye anayemshika miguu na kumziba macho, na ni heshima kubwa kwa upande wa mama. Sasa Ngariba, kabla ya kukubali kazi, alikuja nyumbani akamtaka mama wa mtoto, si baba, akamuuliza: nduguzo wa kiume wako wapi? Wazima? Na waliokufa, walikufa na nini? Watu walielewa kwamba anataka kujua nani atampakata mtoto. Na kwa kuwa ni aibu mtoto kukosa mjomba, nyumba isiyokuwa naye iliazima. Fundi baiskeli wa karibu na kisima, mtu mpole mwenye miguu mirefu, amekuwa mjomba wa watoto wa nyumba nyingi zisizojuana hata kwa kabila. Ngariba hakuwa na kumbukumbu ya sura za wanaume wazima, alikumbuka vidonda tu, hivyo kila mara alimketisha yule mjomba wa kuazimwa na kuanza kumhoji upya. Umewahi kung'olewa jino? Damu ilikata upesi? Ukijigonga goti linavimba? Fundi baiskeli alicheka, akasema yeye hata mafua hayamjui. Basi Ngariba alishusha pumzi, akafungua zipu ya mkoba.

Hivyo ndivyo mtaa mzima ulivyokuwa ukimdanganya, kwa adabu kabisa, na hakuna aliyejua kwamba anadanganya jambo kubwa.

Kwangu mimi alikuwa na tabia nyingine ambayo wengine hawakuiona. Hakuniacha nimwamkie. Ilikuwa tukikutana njiani, mimi mtoto na yeye mtu mzima, kabla sijafungua mdomo niseme shikamoo, yeye alishaniwahi: hujambo mwanangu, mama hajambo? Macho yake yalikuwa kwenye miguu yangu. Mamangu naye salamu za Ngariba alizipokea kwa neno moja, akaingia ndani. Hakupata kuitwa kwetu kula hata siku ya harusi yangu, alipoitwa mtaa mzima na watu wa mtaa wa pili. Nilidhani pana ugomvi wa mpaka wa kiwanja. Huku Likoni ukiona wazee hawatazamani, ni kawaida kuanza kufikiria kiwanja.

Nilikuwa na kaka. Alifariki mimi bado mdogo sana, na nyumbani ilisemwa ni homa. Ninachokumbuka juu yake ni magoti yaliyovimba, mamangu akiyakanda kwa maji ya moto naye akilia, halafu siku moja nikapelekwa kwa jirani na kuambiwa nikae huko mpaka niitwe. Niliitwa, na nyumba ilikuwa imejaa watu.

Mambo haya yote yalikuwa yamekaa kila moja mahali pake kichwani mwangu, hayajuani, mpaka nilipojifungua mtoto wa kiume, mamangu akiwa ameshafariki.

Kitovu chake kilipodondoka kilitoka damu. Si nyingi, lakini haikutaka kuacha. Niliamka na kitambaa kimelowa, nikabadilisha, kikalowa tena. Mavyaa wangu, yaani mamake mume wangu, ambaye tunaishi naye, alisema vitovu vingine ndivyo vilivyo. Kisha mtoto akachomwa sindano pajani, paja likavimba, likawa jeusi kama limepigwa na rungu. Mavyaa akasema nesi alikuwa na mkono mzito. Alikuwa na jibu la kila kitu, na mimi nilitaka sana kumwamini. Lakini nilianza kuogopa, na ni shida kuogopa kitu usichokijua jina. Nilikuwa nikimvua mtoto nguo kila mara kumkagua mwili, kama mtu anayetafuta kupe.

Mavyaa alitaka mjukuu wake atahiriwe kabla ya arobaini. Kwake halikuwa jambo la kujadili. Ni suna, ni usafi, na mtoto mchanga hupona upesi. Alikuwa ameshanunua udi, na alikuwa ameshazungumza na fundi baiskeli. Mume wangu anafanya kazi bandarini, huko anawapigia kelele madereva wa malori kutwa nzima, lakini mbele ya mamake hana sauti. Nilimwambia naogopa. Aliniuliza naogopa nini, nikamwonyesha paja la mtoto. Akasema basi angalau tumtafute aliye bora, na aliye bora sote tulimjua.

Kwa hiyo nilikwenda mwenyewe kwa Ngariba baada ya swala ya alasiri, mtoto kifuani, kumwomba amtahiri. Nakiri nilikwenda pia kwa kuwa nilitaka anitazame na kusema usijali. Alikuwa barazani kwake na kikombe cha kahawa. Alipomwona mtoto aliinuka, akaingia ndani. Nilisimama pale nikidhani amenikasirikia. Alikaa ndani muda, akarudi bila kofia. Sikuwahi kukiona kichwa chake wazi.

"Mwana mume?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo.

"Kitovu chake kilitoka damu?"

Sikuwa nimemwambia mtu nje ya nyumba yetu. Nilikaa kwenye baraza bila kukaribishwa.

"Nduguyo hakufa na homa," akasema.

Kisha akanieleza, polepole, huku akiugeuza kikombe. Kwamba alimtahiri kaka yangu kama alivyowatahiri wenziwe wote siku ile, mkono uleule, dawa ileile. Damu ya wenziwe ilikata, yake haikukata. Walimfunga kitambaa, wakamfunga kanga, mwishowe Ngariba alivua kanzu yake akamfunga nayo. Wakambeba mbio mpaka kwenye feri wavuke kwenda hospitali kubwa, na mtoto akafa wakiwa bado upande huu, wanangoja chombo kitoke ng'ambo. Ndipo mamangu alipomwambia kwamba kwao walikuwa na ndugu wawili waliokwenda hivyohivyo, mmoja kwa jino, na hakusema kwa sababu alijua hatasikilizwa. Akamwapisha asimwambie mtu. Nina binti wa kuoza, alimwambia, na binti huyo ni mimi. Nani angeoa nyumba ambayo watoto wake wa kiume hufa kwa kidonda?

"Tangu siku hiyo nauliza," Ngariba akasema. "Wao wadhani nataka mtu wa kupakata. Wallahi, mwanangu, ampakate nani ampakate, mimi halinihusu. Nataka kujua damu ya mamake."

Nikamwambia kuhusu fundi baiskeli, na wajomba wote wa kuazimwa. Alikuwa hajui. Nilimwona akihesabu kichwani, nyumba moja baada ya nyingine, watoto aliowakata akidhani amejua. Alikiweka kikombe chini kwa mikono miwili. Wote walikuwa wazima, nikamwambia, hakuna aliyedhurika. Hakunisikia.

Nilimuuliza, basi mimi nimtahiri mwanangu au nisimtahiri. Alisema nisimuulize yeye, yeye ni mwoga wa siku nyingi, na mwoga si mtu wa kuamulia wengine. Nimpeleke wakampime damu, kisha tuamue mimi na baba yake.

Tukavuka kwenda kupima. Sitaki kueleza sana juma lile la kungoja majibu. Mume wangu, nilipomweleza habari za kaka yangu, hakuniuliza kwa nini sikumwambia kabla, kwa sababu aliona kwamba nami ndiyo kwanza najua. Alimshika mtoto na hakutaka kumweka chini. Daktari, mama mmoja mwenye subira, alitueleza kwamba damu ya mwanetu imepungukiwa na kitu kinachoifanya igande. Kasoro hiyo inatoka kwa mama na inawapata watoto wa kiume. Alisema kutahiriwa kunawezekana, hospitalini, na dawa maalumu kabla na baada, lakini dawa yenyewe haipatikani kila wakati, na hakuna haraka. Uamuzi ni wenu, akasema. Nilitamani angetuamulia.

Tuliamua kwenye feri, tumesimama katikati ya watu, kwamba hakatwi. Labda akikua, labda asikatwe kabisa. Imamu alipoulizwa alisema dini haikuja kuua watoto, na akatuombea dua. Mavyaa ndiye aliyebaki. Mwanawe alimweleza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ndani ya nyumba ile, kwamba mtoto ana maradhi ya damu na hatatahiriwa. Hakubisha. Alisema tu, na nani atamwoza mtoto asiyetahiriwa, akaenda kupika. Tangu siku ile alinyamaza, na kunyamaza kwake kulinitisha kuliko maneno. Nilikuwa siendi popote bila mtoto. Dukani nilikwenda naye, bafuni niliingia naye, nikamweka kwenye beseni karibu na miguu yangu.

Wakati huohuo Ngariba alikuwa anaanza kupotea. Alikuja msikitini na kiatu cha rangi moja mguu huu na cha rangi nyingine mguu ule. Aliwaulizia watu waliozikwa zamani, akakasirika alipoambiwa. Bintiye, mwalimu wa shule ya msingi, alihamia kwake kumtunza. Aliondoa jiko la mafuta, akaficha funguo. Mkoba wa waridi hakuufikiria.

Asubuhi moja nilikuwa uani naanika nguo. Mtoto amelala chumbani, mlango uko wazi, na mimi nilikuwa namsikia mavyaa akipanga vyombo. Kisha nikaacha kumsikia. Nyumba yetu haijui kimya. Hata tukinuna huwa na redio. Niliangusha kanzu ya mume wangu mchangani, nikaingia.

Mkeka ulikuwa umetandikwa ukumbini. Ngariba, kanzu imenyooka kama zamani, amepiga magoti mbele ya beseni anaosha mikono mpaka viwikoni. Mkoba uko wazi. Mavyaa ameketi na mwanangu mapajani, nepi imefunguliwa. Mavyaa mwenyewe alikuwa analia.

"Sikumwita," akaniambia. "Mungu wangu shahidi, amekuja mwenyewe. Nikasema labda Mungu kamleta."

Nilimwamini, na ninamwamini mpaka leo. Ngariba aliinua uso, akanitazama kwa wema, jinsi alivyowatazama mama wachanga wote. Hakunijua. Aliniambia nisiogope, nikae tu kimya. Hakuniuliza chochote kuhusu ndugu zangu. Hapo ndipo nilipojua kwamba swali lake limemtoka, na kwamba mikono yake bado inakumbuka kila kitu.

Nilimchukua mwanangu. Sikumnyang'anya, nilimchukua, maana hata kumvuta niliogopa. Ningeweza kutoka naye na kumwacha mzee pale. Lakini angefunga zipu na kwenda nyumba ya pili, na nyumba ya pili wana mtoto.

"Babu," nikasema, "nilikuwa na kaka. Alitahiriwa, damu haikukata, akafa. Na mwanangu ana damu hiyohiyo."

"Maskini," akasema. "Ni nani alomkata?"

Mtoto alikuwa ananipiga mateke kifuani. Nilimbeba upande wa pili.

"Ni wewe, babu."

Aliitazama mikono yake, bado inadondosha maji. Akaniuliza jina la kaka yangu. Nikamtajia. Akalirudia, kisha akajiinamia pale kwenye mkeka na kulia kilio cha mtu aliyepata habari ya msiba sasa hivi. Kwake ilikuwa sasa hivi. Aliniuliza mtoto amezikwa lini, kama amechelewa maziko.

Mavyaa alikuwa amesimama ukutani. Habari ya damu aliisikia, lakini ya kaka yangu hakuwa amesimuliwa. Mume wangu alinifichia aibu yangu. Mavyaa alikwenda, akaifuta mikono ya mzee kwa upande wa kanga yake, mmoja baada ya mwingine. Akafunga zipu ya mkoba, akauchukua mwenyewe mpaka kwa binti wa mzee na kumwambia nyembe zitupwe. Siku hizi mtu akimuuliza kwa nini mjukuu wake hajatahiriwa, humjibu vibaya hata mimi nikaona haya.

Nyembe zimeondoka lakini Ngariba hajaacha kuja. Anakuja na mkoba mtupu, kanzu safi, anasema amekuja kwa ajili ya mtoto. Mara ya pili tulimweleza tena ukweli, na akalia tena, upya, akataka tena kwenda maziko. Bintiye alituambia kwamba baada ya siku kama hizo husahau alichoambiwa lakini hasahau kulia. Hukaa kitandani anatiririkwa na machozi, akimuuliza bintiye: mwanangu, hivi ni nani amekufa?

Juzi alikuja tena. Mwanangu sasa anatembea, na kutembea kwake ndiyo hofu yangu mpya. Nilidhani tukishaamua asikatwe nitapumzika, kumbe kila ncha ya meza ina wembe wake. Alikuwa ameanguka, goti limevimba, nimemwekea barafu. Ngariba akasimama mlangoni na mkoba wake.

"Nimekuja kwa ajili ya mtoto," akasema.

"Ameshatahiriwa, babu," nikamwambia.

"Na nani?"

"Na wewe."

Alifikiri. Niliogopa ataomba kumwona, maana macho yake yalikuwa yamekwenda kwa mtoto, kwenye goti, yakakaa hapo. Nilimsogeza mwanangu nyuma ya kanga yangu.

"Na damu," akauliza taratibu, "ilikata?"

Mama kama mimi hasemi uongo juu ya jambo hilo. Unahisi ukiutamka tu utasikiwa, na utalipizwa kwa mtoto. Niliweka kiganja juu ya kichwa chake.

"Ilikata, babu. Papo hapo."

"Alhamdulillahi," akasema. Alishika kizingiti kwa mkono mmoja, mabega yote yakamshuka. "Nilikuwa na hofu, mwanangu. Sikwambii hofu niliyokuwa nayo."

"Hata mimi, babu," nikasema.